Maswali ya Wasomaji: Boila ya Gesi Inapogoma

Tangu baridi ianze kukaza, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii kutoka kwa wasomaji wetu wa Uingereza zinazungumzia kitu kimoja: boila, lile sanduku jeupe la kupasha nyumba na maji lililotundikwa ukutani jikoni au kabatini, ambalo hakuna anayelikumbuka kuanzia Mei hadi Septemba, na ambalo likinyamaza mwezi wa Januari nyumba nzima hulala na makoti. Tumelitengea safu yote ya mwezi huu. Kabla ya majibu, wasomaji wafahamu mpaka tunaoufuata. Yaliyo nje ya kasha la boila, yaani geji ya mgandamizo wa maji, rejeta (yale mabamba ya chuma yanayopasha vyumba) na vali zake, thamostati (kile kifaa cha ukutani cha kupangia joto), mita na mabomba yanayotokea ukutani, mkaaji wa nyumba anaweza kuyakagua mwenyewe. Yaliyo ndani ya kasha, ambamo gesi huchomwa, ni kazi ya fundi aliyesajiliwa, na hatutaeleza hapa namna ya kulifungua hata tukiombwa kwa heshima zote.

Swali: Ndugu mhariri, tumepanga nyumba ndogo hapa Coventry, na boila iko ndani ya kabati la sebuleni. Kwa muda sasa mimi na mke wangu tunaumwa kichwa kila jioni, na mtoto amekuwa akitapika, lakini tukishinda kazini na yeye akishinda shuleni sote tunapata nafuu. Majirani wanasema ni mafua ya msimu. Hatusikii harufu ya gesi hata kidogo, na boila inapasha vizuri, ila juu ya kasha lake kumetokea madoa ya hudhurungi ambayo zamani hayakuwapo. Je, mambo haya yana uhusiano? *Baba wa familia, Coventry.*

Jibu: Ndugu huyu tulimpigia simu siku barua yake ilipotufikia, kwa kuwa jambo kama hili halingoji gazeti lichapwe. Tunayarudia hapa tuliyomwambia kwa ajili ya wengine.

Gesi inapoungua kwa hewa isiyotosha, au moshi wake unapokosa njia ya kutoka nje, hutokea kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu na haina ladha. Ile harufu kali tunayoijua ya gesi hutiwa makusudi ili uvujaji utambulike mapema. Haihusiani kabisa na kinachotoka baada ya gesi kuungua. Kwa hiyo kutosikia harufu si ushahidi wa usalama. Dalili zake, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, hufanana na za mafua, lakini mafua kwa kawaida huja na homa, na wala hayaponi kwa mtu kufunga mlango na kwenda kazini. Watu wa nyumba moja wanapougua pamoja na kupata nafuu pamoja kila wanapotoka, boila ishukiwe kabla ya kitu kingine chochote. Madoa ya hudhurungi au masizi kwenye kasha, na madirisha yanayotiririka unyevu kuliko kawaida katika chumba chenye boila, huongeza shaka hiyo.

La kufanya ni kuzima boila, kufungua milango na madirisha, kutoka nje wote, na kupiga simu namba 0800 111 999, ambayo ni ya dharura za gesi, haina malipo na hupokewa usiku na mchana. Mtu akizimia, ni 999 moja kwa moja. Muoneni daktari siku hiyohiyo na mmweleze wazi kwamba mnashuku kaboni monoksidi, kwa sababu kipimo cha damu kikicheleweshwa gesi hiyo huwa imekwisha kutoka mwilini na kipimo hakitaonyesha kitu. Boila isiwashwe tena, hata kwa nusu saa ya kumwogesha mtoto, mpaka fundi aipime moshi wake.

Nchini England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, mwenye nyumba ya kupangisha analazimika kuweka kengele ya kaboni monoksidi katika kila chumba cha kukaa chenye kifaa cha kudumu kinachochoma mafuta, kuni au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Nyumba ya ndugu yetu haikuwa nayo. Ile kengele ya moshi iliyo kwenye dari haitambui kaboni monoksidi, nayo isiwape watu matumaini ya bure. Mkinunua wenyewe, hakikisheni ina alama ya EN 50291, na msome tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma yake, kwa sababu kihisio cha ndani huchakaa hata betri ikiwa mpya.

Na kama kinachosikika ni harufu yenyewe ya gesi, namba ni ileile, lakini msiguse swichi yoyote ya umeme, iwe ya kuwasha au ya kuzima, na msiwashe kiberiti. Kama mita inafikika, geuzeni mpini wa koki yake ukae kimsalaba na bomba, kisha mtoke.

Swali: Shikamoo fundi. Boila yetu ni ya kombi, yaani hupasha rejeta na maji ya bombani pia, na ina miaka kama saba. Kila baada ya siku tatu au nne sindano ya geji inashuka, nami inanilazimu kuongeza maji kwa ule mpira wenye vali mbili ulio chini yake, la sivyo inazima na kuandika namba za hitilafu. Mwenye nyumba alileta fundi, akajaza maji, akasema ni kawaida, akaondoka. Siku hizi nikiwasha rejeta jioni sindano inapanda mpaka inakaribia sehemu nyekundu, halafu asubuhi naikuta kwenye sifuri. Nifanye nini? *Mama wa watoto watatu, Reading.*

Jibu: Marahaba, dada. Si kawaida, na huyo aliyekuambia hivyo ama alikuwa na haraka ama hakukusikiliza ulipomweleza hiyo habari ya jioni na asubuhi, ambayo ndiyo yenye jibu.

Maji yanayopita kwenye rejeta hayatumiki wala hayabadilishwi. Ni yaleyale yanayozunguka humo mwaka hadi mwaka: pampu inayasukuma, boila inayapasha, rejeta zinayapoza, yanarudi. Mfumo ulio mzima unaweza kuhitaji kuongezwa maji mara moja au mbili kwa mwaka. Ukihitaji kila baada ya siku tatu, maji yana mlango yanapotokea, na kujaza bila kuutafuta mlango huo ni kuahirisha tatizo huku ukiliongezea ukubwa. Kila maji mapya yanapoingia huingia na oksijeni, oksijeni hula chuma cha rejeta, na kutu yake hugeuka tope jeusi linalojikusanya kwenye pampu na kwenye njia nyembamba za ndani ya boila. Isitoshe, ile dawa ya kuzuia kutu iliyotiwa wakati wa kufunga mfumo huzidi kuzimuliwa.

Sasa tuje kwenye sindano yako. Boila ikiwa baridi, geji inatakiwa isome kati ya bar 1 na 1.5 (bar ni kipimo cha mgandamizo), ikipata moto inaweza kupanda hadi karibu na 2, na hapo hakuna neno. Maji yakipashwa hutanuka. Nyumba yenye lita 100 za maji kwenye mfumo, yakitoka kwenye ubaridi wa bomba hadi nyuzijoto 80, huhitaji nafasi ya lita tatu hivi za ziada. Nafasi hiyo hutolewa na tangi dogo lililofichwa ndani ya boila au nyuma yake, lililogawanywa katikati kwa ngozi ya mpira: upande mmoja maji, upande wa pili hewa iliyoshindiliwa. Maji yakitanuka, hewa hubonyea na kuyapisha. Hewa hiyo huvuja polepole kwa miaka, na ikiisha maji hayana pa kwenda, kwa hiyo mgandamizo hupanda kwa kasi mpaka bar 3. Hapo vali ya usalama hufunguka, kama ilivyokusudiwa, na kumwaga maji nje kupitia bomba la shaba. Usiku mfumo unapopoa, yaliyobaki hunywea, na wewe asubuhi unakuta sifuri. Unajaza tena, na jioni yanamwagika tena.

Unaweza kulithibitisha hilo bila kugusa boila. Nenda nje, upande wa ukuta ilikotundikwa, utafute bomba jembamba la shaba, la milimita 15 hivi, ambalo mara nyingi ncha yake imekunjwa kuelekea ukutani. Boila ikiwa imepoa, fungia mfuko wa plastiki kwenye ncha hiyo kwa ulegevu, usilizibe, kwa maana lazima maji yakitaka kutoka yatoke. Washa rejeta jioni kama kawaida yako, na asubuhi uutazame mfuko. Ukiwa na maji, piga picha ya mfuko na picha mbili za geji, moja ya jioni na moja ya asubuhi, umpelekee mwenye nyumba. Ni vigumu mtu kukuambia ni kawaida akiwa na picha hizo mkononi.

Fundi atakayekuja atapunguza maji kwenye mfumo, kisha atajaza hewa kwenye lile tangi kwa pampu ya mkono kupitia vali inayofanana na ya tairi la gari, mpaka afikie kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho kwa boila nyingi za nyumbani ni bar 0.75 hadi 1. Akibonyeza vali hiyo yakatoka maji badala ya hewa, ngozi ya mpira imepasuka na tangi ni la kubadilishwa. Mwombe pia aitazame vali ya usalama. Ikishafunguka mara nyingi, uchafu hunasa pale inapokalia ikijifunga na haifungi tena sawasawa, kwa hiyo mtu anaweza kulitengeneza tangi vizuri kabisa na bado akaachia maji yakidondoka nje tone kwa tone. Ni hitilafu mbili zinazozaana, na fundi mzuri hutengeneza zote kwa ziara moja.

Mfuko ukibaki mkavu, hadithi ni nyingine. Pitia kila rejeta na kipande cha karatasi ya chooni, ufute maungio ya vali zake zote mbili. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Tazama pia kama kuna ukungu wa kijani au mweupe kwenye maungio ya shaba, na madoa kwenye dari ya chini ya bafu. Usipopata lolote, huenda maji yanavuja ndani ya boila yenyewe, kwenye kipasha joto kikuu, na kutoka pamoja na maji ya moshi (yale yatokanayo na mvuke wa moshi unaopozwa) bila mtu kuyaona, na hilo ni la fundi.

Mpaka siku ya fundi itakapofika, jaza tu boila ikiwa imezimwa na imepoa, fungua vali hizo mbili polepole, simama kwenye bar 1.2 hivi, kisha ufunge zote mbili mpaka mwisho. Tunasisitiza mwisho, kwa sababu vali iliyoachwa wazi kidogo hupandisha geji usiku kucha, na mtu huishia kudhani kaharibikiwa na tangi kumbe ni mkono wake.

Swali: Boila yangu haina namba yoyote ya hitilafu, taa inawaka, maji ya moto yanatoka bombani, ila rejeta hazipati moto. Mwezi uliopita ilitokea hali kama hii, fundi akaja, akabadilisha betri za kile kidubwasha cha ukutani barazani, akanitoza pauni 80. Je, nimedhulumiwa? *Mfanyakazi wa zamu, Leicester.*

Jibu: Hukudhulumiwa. Umelipia safari yake na muda wake. Lakini safari ya pili si lazima uilipie. Boila isiyo na hitilafu huwasha rejeta pale tu inapoamriwa na thamostati, na thamostati iliyoishiwa betri, au iliyowekwa nyuzijoto chini ya joto la chumba, au ambayo saa yake imepotea baada ya umeme kukatika, haitoi amri. Tazama hayo kwanza. Ongeza thamostati mpaka usikie mlio mdogo wa kubofya, kisha usubiri dakika moja au mbili.

Kwa wale wanaolipia gesi kabla ya kuitumia, kwa kadi au kwa mita za kisasa, kuna la ziada. Salio likiisha, mita hufunga gesi, na boila hujaribu kuwaka mara kadhaa kisha huandika kwamba imeshindwa kuwaka, jambo ambalo watu wengi hulisoma kama ubovu. Washa jiko la gesi: lisipowaka nalo, shida iko kwenye mita. Na mita za kisasa, hata ukishaongeza salio, baadhi hukutaka ubonyeze kitufe kwenye mita yenyewe kukubali gesi ifunguliwe.

Swali: Hapa Aberdeen asubuhi mbili zilizopita kulipopiga baridi kali, boila ilianza kubwabwaja kama birika, ikazima. Mchana jua lilipotoka nikabonyeza kitufe cha kuanza upya ikawaka kama haijawahi kuugua. Usiku ikarudia yaleyale. *Mwanafunzi, Aberdeen.*

Jibu: Ubovu unaofuata kipimajoto cha nje, na kupona mchana, mara nyingi ni barafu kwenye bomba la maji ya moshi. Boila zinazofungwa Uingereza tangu katikati ya miaka ya 2000 huuvuna hata ule mvuke uliomo kwenye moshi, huupoza mpaka ugeuke maji ili joto lake lisipotee, na maji hayo yenye uchachu kidogo hutolewa kwa bomba la plastiki. Bomba likipita nje ya nyumba, nalo ni jembamba na halikuvikwa kitu, maji yanayodondoka humo kidogo kidogo huganda, hurudi nyuma na kujaa ndani ya boila. Huko kubwabwaja ndiko ulikokusikia. Boila hujizima yenyewe kwa usalama.

Litafute bomba hilo nje, kwa kawaida ni jeupe, jeusi au la kijivu, likitoka karibu na boila na kuishia kwenye karo au bomba la maji machafu. Barafu hupenda kukaa kwenye viwiko na kwenye ncha. Mwagia maji ya uvuguvugu, au lizungushie chupa ya mpira ya maji ya moto, mpaka usikie maji yanatiririka, ndipo uianzishe boila upya. Maji yaliyochemka huweza kulipasua, na yakidondoka kwenye kijia hapo nje yataganda na kumwangusha mtu. Kama bomba liko juu kiasi cha kuhitaji ngazi, achana nalo, umwite fundi.

Dawa ya kudumu ni ya mwenye nyumba kulipia: bomba la nje liwe nene zaidi, la milimita 32 badala ya zile 21.5 zilizozoeleka, liwe fupi, literemke bila kulala popote, na livikwe sponji isiyonyonya maji ya mvua. Afadhali zaidi likielekezwa ndani ya nyumba kwenye bomba la sinki.

Swali: Maji ya kuogea yanakuwa vuguvugu, lakini nikiwasha rejeta yanapata moto vizuri. Ni lazima nichome gesi ya rejeta mwezi wa Agosti ili nioge? *Msomaji wa London Mashariki.*

Jibu: Si lazima. Boila ya kombi ina moto mmoja na kazi mbili, na kati ya kazi hizo kuna vali inayoelekeza maji moto ama kwenye rejeta ama kwenye kipasha maji cha bombani. Dalili uliyoieleza ni ya vali hiyo kukwama katikati, na mara nyingi hubadilishwa kifaa chake cha kuisukuma au yenyewe nzima. Lakini kwa kuwa uko London, ambako maji ni magumu na birika hujaa ukoga wa chokaa ndani ya wiki chache, mwambie fundi akague pia hicho kipasha maji cha bombani, ambacho ni cha mabamba, kwa sababu chokaa hiyohiyo hujenga ndani yake. Kama bomba likifunguliwa kidogo maji huwa moto na likifunguliwa sana hupoa, au kama moto wa boila huwaka na kuzima kila mara wakati unaoga, mshuku chokaa kabla ya vali.

Swali: Mwenye nyumba hajibu ujumbe wangu wiki ya tatu sasa, na nyumba ni baridi. Binamu yangu amekuja kutembea kutoka Dar es Salaam, ni fundi wa gesi wa miaka mingi, amefunga majiko ya hoteli. Anasema boila haimshindi, akifungua kasha nusu saa tu itawaka. Nimwachie? *Mpangaji, Leeds.*

Jibu: Usimwachie, na mwambie si kwa kudharau ufundi wake. Sheria ya Uingereza, kupitia kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998, inamtaka kila anayegusa mfumo wa gesi awe na umahiri wa kazi hiyo, na anayeifanya kama kazi awe amesajiliwa na Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyoshika nafasi ya ile ya awali, CORGI, mwaka 2009. Gesi ya mitungi aliyoizoea binamu yako na gesi ya bomba hutofautiana kwa mgandamizo na kwa kiasi cha hewa kinachohitajika kuziunguza. Zaidi ya hapo, kasha la boila za siku hizi si pambo. Kwa nyingi, kasha hilo ndilo linalotenganisha hewa ya moto na hewa mnayoivuta sebuleni, na mpira wake wa pembeni usipokaa sawasawa baada ya kufungwa, boila itawaka vizuri na itatoa moshi ndani ya nyumba. Ndiyo maana fundi wa hapa, akimaliza, huingiza kipimo kwenye njia ya moshi asome uwiano wa gesi zinazotoka. Binamu yako hajasafiri na kipimo hicho.

Fundi yeyote anayebisha mlangoni mwombe kadi. Mbele ina picha yake, namba ya leseni na tarehe ya mwisho. Nyuma imeandikwa aina za kazi anazoruhusiwa kufanya, na hapo ndipo watu wengi hawapatazami. Mwenye ruhusa ya majiko ya kupikia peke yake hana ruhusa ya boila yako.

Kuhusu mwenye nyumba, kifungu cha 11 cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 kinamwajibisha, huko England na Wales, kuvitunza katika hali ya kufanya kazi vifaa vya kupasha nyumba na maji. Mwandikie barua au barua pepe, siyo ujumbe wa simu tu, utaje tarehe boila ilipozima, kama kuna mtoto au mgonjwa ndani, na siku unazopatikana kumfungulia fundi. Katika barua hiyo mwombe nakala ya cheti cha ukaguzi wa gesi: analazimika kufanya ukaguzi kila baada ya miezi 12 na kumpa mpangaji nakala ndani ya siku 28. Ombi hilo la cheti, kwa uzoefu wetu, huwaamsha wengi waliokuwa wamelala. Asipojibu, peleka nakala ya barua kwenye idara ya afya ya mazingira ya halmashauri ya mji. Usiache kulipa kodi kwa hasira, kwa kuwa deni la kodi linaweza kukutoa kwenye nyumba hata kama dai lako ni la haki.

Swali: Rejeta ya chumbani ni moto chini na baridi juu, ya ukumbini ni moto juu na baridi chini, ya chumba cha mgeni haipati moto kabisa. *Mstaafu, Milton Keynes.*

Jibu: Mzee wetu, una magonjwa matatu tofauti. Ya kwanza ina hewa: zima mfumo, ngoja upoe, shika kitambaa, uzungushe kwa ufunguo wake ile skrubu ya kutolea hewa iliyo juu pembeni, robo mzunguko, mpaka sauti ya kufyonza iishe na maji yaanze kutoka, ufunge, kisha uangalie geji kwa sababu itakuwa imeshuka. Ya pili ina tope jeusi tulilolieleza kwa dada wa Reading, na inahitaji kusafishwa na fundi. Ya tatu, kama vali yake yenye namba za kupangia joto ilifungwa msimu wote wa joto, huenda kijiti chake kimenasa chini: fungua kichwa cha vali kwa mkono, ukibonyeze kijiti taratibu kwa ubavu wa spana mpaka kirudi juu chenyewe. Usikivute kwa koleo, kitachomoka na maji yatakufuata.

Swali: Nilipomtembelea dada yangu Uingereza niliipenda boila yake, nikarudi Nairobi nikanunua hita ya gesi ya papo kwa papo. Fundi ameifunga ndani ya bafu, na mtungi ameuweka hapohapo pembeni. Bafu lina kidirisha kimoja kidogo. Ikiwaka ni safi, ila mara nyingine nikifungua bomba inalia tik-tik-tik bila kuwaka. *Mama wa Rongai.*

Jibu: Tuanze na ulilouliza. Hita hizi huwashwa na mtiririko wa maji, na tangi likiwa juu kidogo tu ya bafu, au kichwa cha shawa kikiwa na chokaa, mtiririko hautoshi hata kuifungua gesi. Kama tik-tik inasikika, basi maji yameifikia swichi, na shida iko kwenye betri zilizochoka, kwenye gesi iliyokwisha, au kwenye hewa iliyobaki ndani ya mpira baada ya kubadilisha mtungi.

Lakini ulivyofungiwa ndivyo vinavyotutia hofu zaidi ya hiyo tik-tik. Boila ya dada yako huvuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi wake nje kwa bomba moja. Hita ndogo nyingi zinazouzwa kwetu huvuta hewa ya chumba kilekile unachoogea, na bafu lililofungwa huishiwa nayo kabla hujamaliza kujisugua. Yote tuliyomwambia ndugu wa Coventry yanakuhusu. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, tofauti na ile ya bomba ya Uingereza ambayo hupanda juu. Ikivuja huteremka sakafuni na kujikusanya kwenye pembe na kwenye shimo la kutolea maji, ikingoja cheche, na hita yako hutoa cheche kila unapofungua maji.

Funga koki ya mtungi leo na uoge kwa maji ya kuchemsha. Hita ihamishiwe ukuta wa nje wa bafu chini ya kibaraza, mahali penye hewa, na bomba la maji moto pekee lipite ukutani kuingia ndani. Mtungi usimame wima nje, mbali na shimo la maji machafu na dirisha. Kabla ya kumlipa fundi, mwambie apake povu la sabuni kwenye kila kiungo cha gesi mbele yako, kuanzia regyuleta hadi kwenye hita, na kiungo kitakachotoa mapovu akikaze au akibadilishe palepale.